Jina la Mfalme na Majina ya Wazee Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Isiolo



Halmashauri ya Chama imetuagiza sisi tunaoshika daftari na kuandika barua tuseme maneno machache juu ya jambo lililoachwa bila kukatwa katika mkutano wa mwaka uliopita. Mtakumbuka ya kuwa ulipotajwa ujenzi wa jumba letu la mikutano, wanachama waligawanyika. Wengine walitaka jiwe la msingi lichorwe jina la mtu mkubwa wa serikali, ili jumba lipate heshima na pengine wafadhili. Wengine walikataa, wakisema ya kwamba jumba ni letu, na halifai kubeba jina la mtu asiyelala njaa pamoja nasi. Maneno yalipopanda, mzee mmoja alisimama kwa fimbo yake akauliza: "Baba zetu walibeba jina la mfalme hata likawa jina lao wenyewe. Je, wao wameandikwa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mkutano ulifungwa kwa dua, kila mtu akaenda zake.

Tumelichukua swali hilo tukalitafuta mwaka mzima, kwa kusoma na kwa kuuliza. Leo twaleta tulichokipata, na mwisho wake twaleta ombi.

Jina la mfalme ambalo mzee alilitaja ni jina la Keya. Vijana wetu hulisikia wasijue asili yake. Lilitoka katika herufi tatu za kwanza za jina la jeshi la Kiingereza, King's African Rifles, yaani Askari Waafrika wa Bunduki, Watumishi wa Mfalme. Jeshi hilo liliundwa mwaka wa 1902, kwa kuunganisha vikosi vya Afrika Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati. Ndimi zetu zikazifupisha herufi zile tatu zikawa neno moja, na neno likamshika mtu: fulani ni Keya, na mkewe ni mke wa Keya, na mtoto wake ni mtoto wa Keya. Hivyo cheo cha mfalme aliyekaa ng'ambo ya bahari kiliingia katika mahema yetu na manyatta zetu, kikawa kama jina la ukoo.

Lakini kabla ya kusema habari za watu, yafaa tuangalie kwanza majumba, maana swali la mwaka jana lilianzia katika jumba. Nchi hii iliwahi kujaa majengo yaliyopewa vyeo vya kifalme, na yaliyoyapata majengo hayo yana mafundisho kwetu.

Huko Nairobi palikuwa na shule iliyoitwa Prince of Wales, yaani cheo cha mwana wa kwanza wa mfalme wa Uingereza, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya wana wa Wazungu. Palikuwa na nyingine ya Duke of York, iliyoanza mwaka wa 1949. Baada ya Uhuru ile ya kwanza iliitwa Nairobi School, na ya pili ikapewa jina la Lenana, laibon mkuu wa Wamaasai. Hospitali kubwa kuliko zote ilianza mwaka wa 1901 kwa jina la hospitali ya wenyeji. Baadaye ikapewa jina la Mfalme George wa Sita. Na baada ya Uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kazi ya hospitali haikukoma hata siku moja kwa sababu ya jina. Mgonjwa aliingia mlangoni kwa jina moja na mwanawe akaingia kwa jina jingine, na dawa ilikuwa ni dawa.

Yako pia majengo yasiyobadilishwa jina bali yaliyobadilishwa na dunia. Ukitoka hapa kwenda kusini, ukapita Nanyuki na kuelekea Nyeri, utafika penye nyumba ya Sagana, chini ya Mlima Kenya, iliyotolewa na serikali ya kikoloni kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Upande wa pili, katika msitu wa Aberdare, ilikuwako nyumba ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti mwaka wa 1932 ili wageni watazame wanyama usiku. Binti Mfalme alilala huko usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952. Usiku ule baba yake alifariki katika usingizi huko Uingereza, na habari ilimfikia siku ile akiwa amekwisha kurudi Sagana. Alipanda mtini akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia, naye mwenyewe hakujua.

Nyumba ile ya juu ya mti haikudumu. Mwaka wa 1954, katika vita vya Mau Mau, ilichomwa moto ikawa majivu. Mwaka wa 1957 ilijengwa nyingine, kubwa zaidi, upande wa pili wa kinamasi, na watu waliendelea kuja kutazama mahali ambapo, kwa kweli, si pale penyewe. Na nyumba ya Sagana ilirudishwa kwa serikali wakati wa Uhuru, ikawa nyumba ya Rais wa Kenya. Kwa nini basi habari ya usiku ule yajulikana hata leo katika nchi zote? Si kwa sababu ya mbao, maana mbao ziliungua. Ni kwa sababu watu waliiandika. Mwindaji mmoja mzee aliyeitwa Jim Corbett, aliyekuwako usiku ule, aliandika katika daftari la wageni habari ya msichana aliyepanda mtini na kushuka malkia. Mstari mmoja wa wino umedumu kuliko nguzo za nyumba.

Hata sanamu hazidumu. Katika bustani ya Jeevanjee mjini Nairobi kulikuwa na sanamu ya Malkia Victoria, iliyotolewa na tajiri wa Kihindi A. M. Jeevanjee, na kufunuliwa mwaka wa 1906 na Duke of Connaught, mwana wa malkia mwenyewe. Ilisimama pale zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 2015 watu wasiojulikana waliiangusha wakaikata kichwa. Hatusemi haya kwa kufurahi wala kwa kusikitika. Twayasema ili ndugu zetu waliotaka jina kubwa juu ya jiwe letu wajue ya kuwa jina la mwenye cheo hukaa juu ya ukuta kwa muda wa cheo chake tu. Akija mwingine, huja na rangi yake na fundi wake.

Sasa natuje kwenye nguzo ambayo ndiyo hasa iliyomfanya mzee wetu aulize. Katika barabara ya Kenyatta mjini Nairobi wako watu watatu wa shaba, waliosimamishwa mwaka wa 1928 kuwa ukumbusho wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wapitao kwa haraka huwaona kila siku wasiwatazame. Mmoja ni Keya, askari wa mfalme. Mmoja ni askari wa Kiarabu. Na mmoja ni mchukuzi wa mizigo. Mombasa pia wako wa namna hiyo, na Dar es Salaam yuko askari mmoja peke yake tangu mwaka wa 1927, mahali pale pale ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya mkubwa wao Wissmann.

Chini ya sanamu za Nairobi yako maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba hata wakifa watu hawa, wana wao watayakumbuka majina yao. Wazee wetu, tulisimama pale tukayasoma maneno hayo mara mbili. Kisha tuliizunguka nguzo kutafuta jina, hata moja, la aliyekufa. Hatukuliona. Aliyeandika aliahidi kwamba majina yatakumbukwa, kisha hakuandika jina lolote, bali kazi yote ya kukumbuka aliwaachia wana. Na wana wenyewe ndio sisi.

Wachukuzi wale walikuwa wengi kuliko askari. Vita vya Wajerumani na Waingereza katika nchi zetu vilipiganwa mahali pasipo barabara wala reli, tena penye ndorobo, hata punda na ng'ombe wakafa. Kilichobaki ni kichwa cha mtu na mabega yake. Mwaka wa 1917 Bwana John Ainsworth alipewa kazi ya kuwakusanya kwa wingi, na wilaya kwa wilaya vijana walitolewa kwa hiari na kwa nguvu. Waliokufa, wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa unga usioiva na kwa baridi ya mvua. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kwa Kiswahili kikaitwa Kariakoo. Mpaka leo uko mtaa wa Kariokor Nairobi na soko la Kariakoo Dar es Salaam. Majina ya mitaa yamebaki. Majina ya watu yamepotea.

Msidhani ya kuwa ni sisi tu tunaosema hivyo kwa uchungu wetu. Iko tume iliyoundwa mwaka wa 1917, ambayo leo huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila ubaguzi wa cheo wala wa dini. Mwezi wa Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa taarifa ikakiri kwamba sheria hiyo haikufuatwa. Ilisema ya kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa njia isiyo sawa na wenzao. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kundi hili la pili, wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na wa Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi katika bunge lake. Na mwezi wa Januari 2025, huko Cape Town, Binti Mfalme Anne alifungua ukumbusho wa watumishi Waafrika wa vita ile, wenye majina zaidi ya 1,700, kila jina juu ya nguzo yake ya mti wa Kiafrika. Basi jambo lawezekana, hata baada ya miaka 100. Lakini mjue ya kwamba majina yale yalipatikana kwa sababu kulikuwa na karatasi zilizohifadhiwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ni hivyo, sembuse mtu?

Huenda mtu akauliza: haya ya Nairobi na Cape Town yatuhusu nini sisi wa Isiolo? Bwana Mwenyekiti, yatuhusu kuliko wengi. Mji huu una mizizi katika jeshi la mfalme. Miongoni mwa Wasomali wa Isaaq na Harti waliopewa ruhusa ya kukaa hapa na mifugo yao katika miaka ya 1920, wamo waliokuwa askari katika Vita Kuu ya kwanza. Walifika na ngamia, na ng'ombe, na vyeti vyao vya kuachishwa jeshi vimefungwa katika ngozi. Na ilipokuja vita ya pili, mji wetu ukawa mlango. Mwaka wa 1940 Waitalia walikuwa Moyale, maana Waingereza waliiacha ngome ya Moyale mwezi wa Julai. Kisha majeshi yalipanda kaskazini kwa njia zetu hizi za vumbi na mawe, na mwaka wa 1941 mji wa Addis Ababa ukachukuliwa, na Mfalme Haile Selassie akarudi katika kiti chake. Wengine wa kwetu hawakuishia huko. Walivushwa bahari mpaka Burma, wakapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka wa 1944, katika mvua ambayo mtu wa Isiolo hajapata kuiona.

Na wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilipigwa na manowari ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kaburi lao ni bahari.

Mwezi wa Desemba 1963 jina la mfalme liliondolewa katika jeshi, na vikosi vya Keya vikawa vikosi vya Kenya. Lakini bunduki hazikuondoka Isiolo. Hata leo shule ya askari wa miguu ya Jeshi la Kenya iko hapa kwetu, na asubuhi twasikia vijana wa kila kabila wakikimbia na kuimba. Katika mji uliojaa askari namna hii, wa zamani na wa sasa, hakuna ukuta hata mmoja ambao mjukuu aweza kuuelekeza kidole akasema: huyu ni babu yangu.

Katika kazi yetu ya mwaka huu tulikwenda nyumba kwa nyumba tukiwa na daftari. Twaomba ruhusa ya kueleza nyumba moja tu. Mama mwenye nyumba, mjane mzee, alitutolea sanduku la bati lililokuwa la marehemu mumewe. Ndani mlikuwamo cheti cha kuachishwa jeshi. Mchwa walikuwa wameingia kwa upande wa chini, wakala jina, wakala namba, wakaacha muhuri wa serikali peke yake. Chini ya cheti palikuwa na medali ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945. Upande mmoja mna kichwa cha Mfalme George wa Sita na taji lake. Upande wa pili mna simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Tuliigeuza, tukatazama na ukingo wake. Jina la aliyeivaa halikuwamo. Yule mama akatuambia kwa upole: "Wanangu, mimi sijui kusoma. Jina lake liko wapi hapo?" Tulishindwa kumjibu. Tukaliandika jina la mumewe katika daftari, yeye akilitamka polepole, na jina la baba yake, na la babu yake, na kisima walichonyweshea. Alipotuona tumemaliza aliuliza kama jina lake yeye lingeandikwa pia, maana ndiye aliyelea watoto miaka minne bila kujua kama ana mume au hana. Tuliliandika.

Wazee wetu, msifikiri ya kuwa karatasi iliyoliwa na mchwa ni hasara ya moyo tu. Mwajua wenyewe jinsi vijana wetu wa kaskazini walivyosumbuliwa katika kuomba kitambulisho. Kwa miaka mingi waliwekwa mbele ya baraza la kuwahoji, wakaulizwa baba yako nani, babu yako alizaliwa wapi, lete ushahidi. Maswali ambayo kijana wa mahali pengine hakuulizwa. Mjukuu wa mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya mfalme wa nchi hii aliambiwa athibitishe ya kuwa ni wa nchi hii. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba mahojiano ya namna ile yameondolewa, nasi twashukuru. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Mwenye kumbukumbu zake nyumbani ana mahali pa kusimama siku ya maswali, hata maswali yakirudi kwa sura nyingine.

Na karatasi hizo hazikupotea kwa uzembe wetu peke yake. Katika vita vya Shifta, mwaka wa 1963 hadi 1967, watu walitolewa malishoni wakawekwa vijijini chini ya ulinzi, mifugo ikafa, na masanduku mengi yakaachwa nyuma. Mwanzoni mwa taabu ile, tarehe 28 Juni 1963, aliuawa Bwana Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hii yetu, pamoja na chifu mkuu Haji Galma Dida. Jina la Wabera limo katika barabara ya Nairobi na katika mtaa wetu hapa, na ni haki yake. Lakini waulizeni watoto wanaopita mtaani kila siku, Wabera alikuwa nani? Wengi watawaambia ni jina la mtaa. Kuandika jina ukutani pasipo kuandika habari yake ni kumzika mtu mara ya pili.

Sasa twafika kwenye neno gumu, nalo hatutaliruka. Tulipotembea na daftari, si kila mlango uliofunguliwa kwa furaha. Mzee mmoja wa upande wa Meru alituambia wazi: "Keya ndio waliokuja msituni kutuwinda." Amesema kweli. Jeshi la mfalme lilitumwa dhidi ya Mau Mau baada ya mwaka wa 1952. Hata kabla ya hapo, Keya walitumwa katika nchi hii ya kaskazini kuwatoza watu faini na kuchukua mifugo yao. Katika Chama hiki tumekaa pamoja mwana wa Keya na mwana wa aliyefungwa kizuizini, na mara nyingine ni mtu yule yule, maana baba alikuwa huku na mjomba alikuwa kule.

Jibu letu ni hili. Daftari si wimbo wa sifa. Hatuombi Chama kimsifu mfalme, wala kuwavika taji waliomtumikia. Twaomba iandikwe nani alikwenda, nani alichukuliwa, nani alirudi na nani hakurudi. Askari aandikwe, na mchukuzi aandikwe, na aliyekataa akakimbilia msituni aandikwe, na aliyewekwa kizuizini aandikwe, na mwanamke aliyebaki na mbuzi na watoto aandikwe. Tukichagua kuandika upande mmoja tu, tutakuwa tumefanya yale yale yaliyofanywa na wale waliosimamisha nguzo bila majina.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, haya ndiyo maombi yetu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, jiwe la msingi la jumba letu lisichorwe jina la mwenye cheo yeyote, wa zamani wala wa sasa, bali lichorwe mwaka wa kujengwa na jina la Chama. Mgeni atakayekuja kulifungua tutampokea kwa heshima, tutamchinjia, na jina lake litaandikwa katika daftari la wageni, mahali panapofaa.

La pili, ukuta mmoja wa ndani uachwe mtupu kwa ajili ya majina. Usijazwe kwa haraka. Jina lisiingie ukutani mpaka lishuhudiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja na mwenye jina, na lisomwe mbele ya baraza la wazee, ili asitokee mtu wa kusema tumemwandika fulani kwa upendeleo.

La tatu, daftari la majina lifunguliwe leo, kabla ya jumba, maana jumba laweza kungoja na wazee hawawezi. Ziandikwe nakala tatu: moja ikae kwa Chama, moja kwa baraza la wazee, na moja ipelekwe katika nyumba ya kumbukumbu za taifa huko Nairobi. Vyeti na medali vipigwe picha mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake siku ile ile. Hatutachukua kitu cha mtu. Wengi walitueleza ya kuwa waliwahi kuvitoa vyeti vya baba zao katika ofisi fulani wavione tena wasivione, na hofu yao tunaifahamu.

La nne, kila mwenye jengo la zamani hapa mjini, duka la mawe, nyumba ya bati ya askari wa zamani, hata msikiti mdogo, aombwe kutuarifu kabla ya kulibomoa, ili tulipige picha na kuandika ni nani aliyelijenga. Mji wetu wakua. Barabara ya Moyale imetiwa lami, uwanja wa ndege umepanuliwa, na wanunuzi wa viwanja wafika kila juma. Hatuwezi kuzuia maendeleo, wala hatutaki. Kuna sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa ambayo yaweza kulinda jengo lenye historia, lakini sheria haiwezi kulilinda jengo ambalo hakuna aliyejua kueleza habari yake.

Mwaka wa 2023, mwezi wa Oktoba, Mfalme Charles wa Uingereza alifika Kenya, akaweka shada la maua katika kaburi la shujaa asiyejulikana huko Uhuru Gardens, Nairobi. Ni jambo la heshima. Lakini mtu huyo asiyejulikana, wazee wetu, hakuwa hajulikani kwa mamaye. Alikuwa na jina, aliitwa kwalo jioni alipochelewa kurudisha mbuzi. Hakujulikana kwa wale tu ambao hawakuuliza.

 Meza iko pale mlangoni, na daftari liko wazi, na kalamu mbili. Tumeandika jina la kwanza, la mume wa yule mama, na jina la mama mwenyewe chini yake. Anayetoka asipite bila kusimama, hata kama ana jina moja tu la kutuambia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atupe sisi uaminifu wa kuwaandika.